Chagua daraja kwanza, kipuri baadaye: neno kwa wapenzi wa otokrosi hapa Bowie

Ndugu zetu, leo tunaongelea gari. Si gari la kununua nyumbani, wala gari la biashara ya Uber. Tunaongelea lile gari lako la kila siku, lile linalokupeleka saiti saa kumi na moja alfajiri au kwa yule bibi unayemtunza kule Mitchellville, ambalo sasa umeanza kulipeleka otokrosi Jumapili.

Hatuna ugomvi na otokrosi. Mtu amepiga zege siku sita, au amelea watoto wa watu wiki nzima, ana haki ya kufurahi. Na kusema kweli, katika michezo yote ya magari huu ndio wa bei nafuu zaidi. Ugomvi wetu ni mwingine: tunaona hela zinazoteketea kwenye vipuri kabla mtu hajajua gari lake liko daraja gani. Msimamo wetu ni huu, na tutautetea hadi mwisho: daraja sahihi kwa gari lako ni lile ambalo gari limo tayari leo, kabla hujanunua kitu chochote.

Kwa wasioujua mchezo

Otokrosi ya huku si mbio za kukimbizana. Klabu inakodi eneo kubwa la lami, inapanga koni, na kila gari linapita peke yake likishindana na saa. Hapa Bowie, maegesho ya Prince George's Stadium, ule uwanja wa besiboli wa Baysox uliofunguliwa 1994 karibu na makutano ya barabara za US 50 na US 301, yamewahi kutumiwa na vilabu kwa kazi hiyo. Landover nako, maegesho ya uwanja mkubwa wa futiboli ya Kimarekani yametumika vilevile.

Mzunguko mmoja kwa kawaida haufiki hata dakika moja na nusu. Ukigonga koni unaongezewa sekunde 2. Ukikosea njia, mzunguko huo hauhesabiwi. Mwendo si wa kutisha. Magari mengi yanamaliza kwa gia ya pili. Unapata mizunguko michache kwa siku, na katikati unapewa zamu ya kusimama uwanjani kuokota koni zilizoangushwa na wenzako. Kwa hiyo jua mapema: ni kazi ya siku nzima, si ya saa moja halafu uwahi ibada ya mchana.

Klabu nyingi zinafuata kitabu cha kanuni cha Sports Car Club of America, SCCA, chama kilichoanzishwa 1944. Mchezo huu wao wanauita Solo. Kitabu hicho hutolewa upya kila mwaka, na ndicho kinachosema gari gani liko daraja gani.

Huku si kama nyumbani

Hapa ndipo wengi wetu tunapotegwa. Mtu aliyekulia Nairobi au Nakuru anaijua otokrosi ya vumbi. Kule madaraja yanaeleweka kwa haraka: gari linaendeshwa na magurudumu mawili au manne, lina turbo au halina, na watoto wana daraja lao la Bambino. Ukiliangalia gari, unajua.

Huku mambo ni mawili kwa pamoja. La kwanza, gari lenyewe: kampuni, modeli na mwaka, moja moja, limeandikwa kwenye orodha. La pili, umelifanyia nini. Hilo la pili ndilo linalokula hela za watu.

Madaraja yamepangwa kama ngazi. Chini kabisa kuna kundi la Street, yaani gari karibu kama lilivyotoka kiwandani. Ndani ya Street kuna herufi: Super Street na A Street ni za magari makali kama Corvette, halafu yanashuka mpaka H Street, ambako magari mengi ya kawaida ya familia yenye injini ndogo huangukia. Mazda MX-5 za zamani kwa muda mrefu makazi yao yamekuwa E Street. Juu ya Street kuna Street Touring, halafu Street Prepared, Street Modified, Prepared na Modified. Kila ngazi inaruhusu mabadiliko zaidi, na kila ngazi ina watu waliotumia hela zaidi kukuzidi.

Sasa sikiliza vizuri. Kanuni haziulizi umetumia shilingi ngapi. Zinauliza tu: kuna kitu kimoja kisichoruhusiwa? Kama kipo, umetoka darajani. Kitu kimoja tu.

Springi moja inavyokuhamisha nyumba

Kwenye Street unaruhusiwa machache. Shokapu unaweza kubadilisha. Pedi za breki pia. Chujio la hewa, sawa. Bomba la ekzosi la nyuma ya kile chombo cha kusafisha moshi, sawa. Rimu nyingine unaweza kuweka, ila upana uwe uleule wa kiwandani, na kipenyo kisizidi wala kupungua zaidi ya inchi 1. Matairi yawe ya barabarani, yenye namba ya uchakavu isiyopungua 200. Namba hiyo imechapwa ubavuni mwa tairi, nenda kaangalie sasa hivi. Matairi ya kawaida ya dukani mengi yana 400, 500 au zaidi, kwa hiyo yanaruhusiwa bila shida.

Usichoruhusiwa: kubadilisha springi ili kushusha gari. Kuweka rimu pana zaidi. Kuchezea kompyuta ya injini. Kung'oa viti vya nyuma ili kupunguza uzito.

Tuchukue kijana mwenye gari la kawaida, lile ambalo lingekaa H Street kwa amani. Anaona video, anaingiwa na hamu. Tuseme ananunua seti ya springi na shokapu za kushusha gari kwa dola 900, rimu pana kwa dola 700, matairi ya mashindano kwa dola 800. Jumla dola 2,400. Kama kila mwezi alikuwa anatuma nyumbani dola 200, huo ni mwaka mzima wa kutuma. Mwaka mzima wa ada, dawa za mama na bati za nyumba.

Amepata nini? Amehamishwa kutoka H Street kwenda Street Touring. Kule anawakuta watu ambao gari lao walilichagua kwa ajili ya daraja hilo tangu mwanzo. Wana springi zilizopimwa, kompyuta iliyorekebishwa, rimu za upana wa mwisho unaoruhusiwa, na gari la pili la kwendea kazini. Yeye ana gari moja, limejengwa nusu, na Jumatatu linagonga chini kwenye kila tuta. Ametumia dola 2,400 ili awe wa mwisho.

Wenye Subaru WRX, na tunajua mko wengi, hili linawahusu zaidi. Turbo kubwa kuliko ya kiwandani itakusukuma moja kwa moja hadi Street Modified. Huko hakuna mchezo; kuna magari ambayo bei ya injini peke yake inazidi gari lako zima.

"Lakini gari langu haliwezi kushinda"

Hoja hii tunaisikia, na ina uzito. Mtu anasema: Corolla yangu haitamshinda yeyote, bora niiongezee nguvu.

Jibu la kwanza: kuna hesabu ya kusawazisha inayoitwa PAX. Kila daraja lina namba yake, na muda wako unazidishwa kwa namba hiyo. A Modified, daraja la magari makali kuliko yote, ndiyo 1.000, mengine yote yako chini yake. Tufanye mfano wa hesabu tu. Wewe na gari lako la kawaida umemaliza kwa sekunde 50.0 na namba ya daraja lako ni 0.780. Hesabu yako ni 39.00. Mwenzako mwenye gari lililotengenezwa kamaliza kwa 46.0, namba yake 0.860. Hesabu yake ni 39.56. Umemshinda. Yeye alikuwa na haraka kukuzidi kwa sekunde 4, lakini daraja lake lilimdai zaidi ya hapo.

Umeona? Ukihama daraja kwa sababu ya springi, namba yako inapanda. Kuanzia hapo lazima uwe na haraka zaidi ili ubaki palepale ulipokuwa. Vipuri vyako vimeanza kukudai hata kabla hujawasha gari.

Jibu la pili linatoka nyumbani. Safari Rally ya 1993, Subaru walileta kigari kidogo kiitwacho Vivio, injini ya cc 660, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Colin McRae, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia, alikuwa na moja. Patrick Njiru wetu alikuwa na nyingine. McRae alianza kwa kasi ya ajabu, gari likamshinda njiani. Njiru alikilea kigari mpaka mwisho na akashinda daraja lake. Hakuna aliyemwambia kwamba hakushinda eti kwa sababu Toyota kubwa zilimaliza mbele. Daraja lina maana hiyo: unapimwa na wenye mzigo kama wako.

Jibu la tatu ni fupi. Mwanzoni, muda mwingi unaopotea uko kwa dereva, hauko kwenye gari. Mtu mgeni anapoteza sekunde kwa kutazama koni iliyo mbele ya pua badala ya kutazama ya mbali, na kwa kushika breki kwa kuchelewa. Hakuna kipuri kinachotibu hilo. Kinatibiwa na mizunguko. Kama kiingilio ni dola 60, hela ya zile springi peke yake ni siku 15 za uwanjani.

Kama umelikuta gari limeshaguswa

Wengi tunanunua magari ya mkononi, na fundi wa kwanza alishafanya yake. Umenunua Civic kumbe imeshashushwa. Hapo usikimbilie kulijenga ili lifae daraja la juu. Una njia mbili. Ya kwanza, tafuta springi za kiwandani kwenye yadi ya magari yaliyovunjwa. Mara nyingi ni rahisi kuliko chochote utakachonunua kipya, na gari litafurahi pia barabarani. Ya pili, ingia daraja la juu vilevile lilivyo, ukijua umekuja kujifunza, na usiongeze hata senti.

Wakati mwingine hii ya pili ndiyo yenye akili. Kurudisha vitu vingi kiwandani kunaweza kugharimu kuliko faida yake. Kwa hiyo hatusemi Street kwa kila mtu. Tunasema: daraja lifuate gari, lisiongoze pochi.

Kwa mgeni, vilabu vingi vina daraja la wanaoanza, ambako mnalinganishwa kwa ile hesabu ya PAX. Anza huko. Dada zetu wanaweza kuingia daraja la kawaida au la wanawake, ni uamuzi wao. Na jambo ambalo wengi hawalijui: madereva wawili wanaweza kushirikiana gari moja, kila mmoja akalipa kiingilio chake. Mafuta mnagawana, na ndugu mwenye gari bovu anaacha gari lake nyumbani. Ni chama kidogo hicho.

Gari la kazi si la kila daraja

Ndugu wa ujenzi, hili ni lenu. Pikapu nyingi, vani na magari marefu ya aina hiyo hayaruhusiwi kabisa, kwa sababu ni marefu kuliko upana wa magurudumu yake na yanaweza kubiringika. Usilipe kiingilio kwanza halafu ukarudishwa getini. Uliza klabu mapema, taja gari, modeli na mwaka.

Hata kama ni gari dogo, kila kitu kilicholegea lazima kitoke: nyundo, ndoo, misumari, kiti cha mtoto, chupa za maji. Watakagua nati za magurudumu, betri kama imefungwa vizuri, beringi, uvujaji wa mafuta, breki na matairi. Ukaguzi huo usiuchukie. Fundi angekutoza hela kwa kukuambia mambo hayohayo.

Hesabu ambayo haimo kwenye kitabu cha kanuni

Kitabu cha SCCA kinakuambia daraja la gari. Hakikuambii daraja la maisha yako. Sisi kazi yetu kwenye ukurasa huu ni hiyo ya pili, basi tuiseme.

Kwanza, bima. Bima nyingi za magari za kawaida zina kifungu kinachokataa kulipa hasara iliyotokea kwenye mashindano au mbio za kupimwa kwa saa. Soma ya kwako, au mpigie ajenti. Otokrosi si ya ajali nyingi, lakini gari lako likigonga nguzo ya taa siku hiyo, huenda uko peke yako. Kama bado lina mkopo, deni linabaki hata gari likiwa limeisha. Gari la kukodi usilipeleke kabisa. Mikataba yake hukataza.

Pili, Jumatatu. Gari linalokupeleka kazini ni kitendea kazi. Ukilivunja kwa sababu umelijenga kwa ajili ya sekunde 2 za Jumapili, unapoteza siku za mshahara, na huku anayelipwa kwa saa hana wa kumlipia siku ya fundi. Gari la Street, ambalo karibu kila kitu ni cha kiwandani, ndilo lenye nafasi kubwa zaidi ya kuwaka Jumatatu.

Tatu, nyumbani. Hatutakuambia usijitumie hata senti. Mtu anayetuma kila kitu na kubaki na mikono mitupu huchoka, halafu siku moja anaacha kutuma kabisa. Tunachopendekeza ni mpaka unaoonekana: fungu la starehe liwe na jina lake na kiwango chake, litolewe baada ya la nyumbani na la akiba, na kiingilio, mafuta na uchakavu wa matairi vyote vitoke hapo. Siku fungu limekwisha, Jumapili hiyo nenda kaokote koni na kushangilia wenzako. Kutazama ni bure.

Utaratibu tunaoupendekeza

Ukitaka kuanza, fuata mpangilio huu, usiurukeruke:

1. Andika gari lako: modeli, mwaka, injini, na kila kitu ambacho si cha kiwandani. Kama hujui, muulize fundi akuangalizie springi, rimu na ekzosi.
2. Uliza klabu gari hilo liko daraja gani kwa kanuni za mwaka huu. Orodha hubadilika, usitegemee la mwaka jana.
3. Soma bima yako.
4. Nenda mara tatu au nne bila kununua chochote. Helmeti vilabu vingi vinaazima. Leseni iwe halali.
5. Baada ya hapo, kama bado hamu ipo, kitu cha kwanza ni matairi, na uyanunue tu pale yaliyopo yatakapokwisha kwa matumizi ya kawaida. Utakuwa unanunua kitu ambacho ungekinunua hata hivyo, na bado uko Street.
6. Kabla ya kipuri kingine chochote, uliza swali moja: hiki kinanihamisha daraja? Kama jibu ni ndiyo, kirudishe dukani.

Kuna watakaosema tunawavunja moyo vijana. La. Tunataka mwezi wa kumi ukifika bado uwe unashindana, wakati aliyejenga gari kwa kadi ya mkopo ameliweka sokoni. Duka la vipuri litakuambia gari lako halitoshi, kwa sababu hiyo ndiyo biashara yake. Kitabu cha kanuni kinasema kitu tofauti kabisa: gari lako, kama lilivyo, lina nafasi yake, lina herufi yake, na wapo watu wa kushindana nalo kwa haki. Nafasi hiyo umeshailipia siku uliponunua gari. Usiilipie mara ya pili kwa hela ya mama.